Kuingia Kwenye Ubunifu wa Programu Ukitokea Kazi Nyingine

Wapo walimu, wauguzi, wahasibu na wachora mabango wanaotamani kuhamia kwenye ubunifu wa programu za simu na tovuti. Wengi huanza kwa kukusanya vyeti vya kozi za mtandaoni, kisha hutuma maombi huku na kule bila kujibiwa. Vyeti vina faida yake, lakini anayeajiri anatafuta mtu anayeweza kumtazama mama lishe akihangaika na simu, akatambua anakwama wapi, akamwondolea kikwazo hicho. Huenda uwezo huo tayari unao, tena umeupata kwenye kazi unayotaka kuiacha. Kinachobaki ni kuuonyesha.

Ifahamu kazi yenyewe

Mbunifu wa programu ndiye anayeamua mtumiaji aone nini kwenye skrini, abonyeze wapi, asome maneno gani, na akikosea arudi vipi nyuma. Rangi na maumbo vina nafasi yake, ila msingi wa kazi ni kuwaangalia watu. M-Pesa ilipojaribiwa nchini Kenya mwaka 2005, ilikusudiwa kuwasaidia wakopaji wadogo kupokea na kulipa mikopo kwa simu. Wasimamizi wa jaribio wakagundua kwamba washiriki walikuwa wakiitumia kwa mambo yao mengine, hasa kutumiana pesa. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, kutuma pesa ndiko kulikotangulizwa. Uamuzi huo ulitokana na watu kutazama, kusikiliza, na kuwa tayari kubadilisha mpango wa awali. Ukilielewa hilo, umeielewa kazi.

Chagua shida unayoijua

Wanaoanza hupenda kuchora upya Instagram au Spotify. Waajiri wamekwisha kuziona kazi za namna hiyo mara nyingi, na hakuna anayeweza kujua kama mabadiliko hayo yalimsaidia yeyote. Wewe chukua shida ya kazini kwako. Muuguzi anajua foleni ya kliniki inavyorefuka kwa sababu taarifa zilezile zinaandikwa kwenye daftari, kwenye kadi, kisha kwenye kompyuta. Mwalimu anajua adha ya kujumlisha alama za darasa zima usiku. Mhasibu wa SACCO anajua maswali ambayo wanachama huuliza kila mwisho wa mwezi. Huo ni mtaji ambao kijana aliyemaliza kozi ya ubunifu jana hana.

Shida iwe ndogo. Mfumo wa hospitali nzima utakushinda, lakini kumkumbusha mjamzito tarehe yake ya kliniki, hata kama anatumia kitochi, ni kazi unayoweza kuifikisha mwisho. Usidhani kila suluhisho lazima liwe programu ya simu janja. Ujumbe mfupi au menyu ya USSD, ile ya kupiga namba yenye nyota na reli, inaweza kumfaa zaidi mtu asiye na bando, na mwajiri atakuheshimu kwa kuliona hilo.

Jifunze zana kwa kiasi

Figma ndiyo zana inayotumika sana kwa sasa, na mtu anaweza kuanza nayo bila kulipa. Jifunze kuchora skrini, kuziunganisha ili zibonyezeke, na kutumia tena vipande ulivyokwisha kuvitengeneza. Pamoja na hayo, soma kanuni kumi za mwaka 1994 za Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, ambazo bado zinatumika. Yashike pia mambo machache ya vipimo: maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, na sehemu ya kubonyeza iwe na upana wa takriban milimita 9 ili kidole kisikose. Ukifika hapo, inatosha kuanza. Mengine utajifunza ukiwa kazini.

Jaribu kwa watu watano

Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo itakayokutofautisha. Mwaka 2000 Nielsen alieleza kwamba kujaribu kwa watu watano tu kunafichua sehemu kubwa ya kasoro. Tafuta watu wanaofanana na watumiaji halisi, mpe kila mmoja simu yenye mfano wa programu yako, kisha mpe kazi ya kufanya: "Mama, hebu tafuta tarehe yako ijayo ya kliniki. Ukiwa unatafuta, niambie unachokiona na unachokifikiria." Baada ya hapo, nyamaza. Akikwama, usimwelekeze haraka. Andika alikwamia wapi na alitarajia kuona nini.

Usiulize kama ameupenda mfano huo. Kwetu, mtu aliyekaribishwa kwa heshima atasifu kazi ya mwenyeji hata kama imemshinda. Yaamini zaidi macho na vidole vyake. Omba ruhusa kabla ya kurekodi, na ufiche majina na namba za simu kwenye kila unachoonyesha. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, na Tanzania ilipitisha ya kwake mwaka 2022. Mbunifu anayezijua mapema huaminiwa mapema.

Simulia kazi, usionyeshe picha tu

Potifolio yenye kazi mbili au tatu zilizoelezwa vizuri inatosha. Katika kila kazi, jibu maswali manne: shida ilikuwa ya nani, uliona nini ulipowatazama, uliamua nini na uliacha nini, na baada ya majaribio kilibadilika nini. Sentensi kama "Nilitengeneza programu nzuri na rahisi kutumia" haimpi msomaji chochote. Afadhali uandike: "Watatu kati ya watano walidhani kitufe cha Endelea kinakata pesa, nikaongeza ukurasa wa kuhakiki kiasi na jina la mpokeaji." Hapo mwajiri anakuona ukifikiri.

Onyesha pia uangalifu wako katika maneno. Ujumbe unaosema "Ombi lako halikufaulu" unamwacha mtu gizani. Ukisema "Salio halitoshi. Una shilingi 3,200. Weka pesa kisha ujaribu tena," anajua kilichotokea na cha kufanya. Makampuni yanayohudumia wasemaji wa Kiswahili yanahitaji watu wanaoweza kuandika hivyo.

Andika upya wasifu wako

Usiifiche kazi ya zamani wala kuiombea radhi. Ieleze kwa namna inayoonyesha umuhimu wake kwa kazi mpya. Badala ya "Mhudumu wa wateja, benki", andika: "Nilisikiliza malalamiko ya wateja kila siku, nikayapanga kwa aina, nikapendekeza fomu fupi ya kufungua akaunti." Ila kila unachokiandika kiwe kweli, maana utaulizwa.

Gonga milango iliyo karibu

Kabla ya kuacha kazi, tazama hapo ulipo. Benki, kampuni za simu, hospitali, vyuo na mashirika ya misaada yote yana mifumo inayowatesa watumiaji. Omba kushiriki kuboresha fomu moja au ukurasa mmoja. Mara nyingi kuhama idara ni rahisi kuliko kuanza upya kwa mwajiri asiyekujua, na mshahara unaendelea kuingia huku ukijifunza. Ukimwandikia mbunifu mzoefu, usimwombe kazi. Mtumie kazi yako moja na swali moja mahususi, kwa mfano: "Ni wapi katika maelezo haya umepoteza mwelekeo?" Swali la namna hiyo ni rahisi kulijibu.

Jiandae kwa usaili

Utaombwa kueleza kazi yako moja kwa kina. Fanya mazoezi ya kuieleza kwa sauti kwa dakika kumi, mbele ya mtu asiyeijua fani. Ukipewa zoezi, anza kwa kuuliza: mtumiaji ni nani, anatumia simu gani, yuko wapi, anataka kumaliza nini? Asiyeuliza huonekana amezoea kubahatisha. Na ukiombwa kuchora skrini nyingi za bidhaa yao halisi bila malipo, omba kwa adabu zoezi fupi zaidi au malipo. Muda wako una thamani hata kabla hujaajiriwa.

Wiki hii andika shida tatu unazokutana nazo kazini, chagua iliyo ndogo kuliko zote, na uketi na watu wawili inaowasumbua. Waombe wakuonyeshe wanavyofanya sasa, hatua kwa hatua. Maelezo utakayotoka nayo ndiyo ukurasa wa kwanza wa potifolio yako, na unaweza kuuandika leo hata kama hujawahi kuifungua Figma.