Kifusi Kabla ya Kukimwaga Barabarani

Masika yakikaribia, mitaa mingi ya Dar es Salaam huchangishana, likaletwa fuso la kifusi, kikamwagwa kwenye mashimo, na kazi ya kushindilia wakaachiwa bajaji. Mvua chache tu, shimo limerudi, safari hii na nondo ndani yake. Watu husema kifusi hakifai. Kinafaa sana: nchi nyingi huponda zege kuukuu na kulifanya tabaka la chini la barabara za lami. Sisi tunaruka hatua ya kukichambua.

Anzia pale nyumba inapobomolewa. Fundi atenge zege la nguzo, linta na sakafu mbali na tofali. Ligonge kwa nyundo: zege zuri hulia mlio mkavu, bovu humeguka. Tofali nyingi za simenti zimefyatuliwa kwa ubahili; ile inayosagika vidoleni ikasawazishe uani, isije barabarani. Mbao, viroba na udongo wenye mizizi vitoke, maana vitaoza na kuacha mwanya. Jipsamu ya dari nayo itoke, hasa kama mtachanganya saruji. Salfeti yake huingiliana na saruji hadi tabaka likavimba. Paa la asbesto usiliguse wala usiruhusu livunjwe. Vumbi lake huleta saratani.

Ponda mpaka bonge kubwa lisizidi sentimita 6 hivi, ila vumbi usilichekeche lote, kwani chembe ndogo ndizo zinazojaza nafasi kati ya vipande. Zikipungua, ongeza moramu.

Maji ndiyo yanayowashinda wengi. Kipande cha zege kuukuu kimegandwa na mchanga na saruji yenye vitundu, kwa hiyo hunywa maji kuliko kokoto mpya. Ukinyunyiza juu juu na kushindilia papo hapo, kitayanyonya yote na chembe zitakataa kushikana. Lowesha lundo jioni, ligeuze kwa koleo, asubuhi lowesha tena. Chota zile chembe ndogo, zikamue kiganjani: zikifanya donge bila maji kuchuruzika, anza kazi.

Kwa rola, tabaka lililokwisha kushindiliwa lisizidi sentimita 15. Kwa kompakta ya kusukuma kwa mkono, nusu ya hapo. Barabara ya upana wa mita 4 iwe na mgongo, katikati pazidi kingo kwa sentimita 10, na mtaro uwe umechimbwa kwanza. Kama hamna pa kupeleka maji, hela ya mchango nunulieni soda. Kaeni mbali na kisima pia, kwa sababu maji yanayochuja zege lililopondwa hutoka na ukali wa chokaa.

Barabara ikiwa chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, mwoneni mhandisi wao kabla ya kuagiza hata tripu moja. Mwongozo wa Tanzania wa 1999 wa usanifu wa barabara hupanga changarawe kwa kipimo cha CBR, yaani uwezo wake wa kubeba mzigo: G25, G45, G80, namba ikiwa ndiyo asilimia. Atawaambia tabaka lenu linahitaji ipi.

Mkimaliza kushindilia, pitisheni fuso lenye mzigo polepole, mtu atembee nyuma akitazama matairi. Panaponesa, fukueni, mara nyingi chini kuna tope la mfinyanzi lililoachwa. Litoeni, mjaze na kushindilia upya hapo tu. Kisha funikeni kwa moramu sentimita 10 hadi 15, kwa kuwa kifusi kilichoachwa wazi husagika kikawa vumbi, na ncha zake hutoboa tairi za bodaboda.