Mwambie Daktari Kwamba Ulikuwa Mgodini

Mwanaapolo, yaani mchimbaji wa tanzanaiti, akitoka shimoni Mererani huwa mweusi kama aliyepakwa masizi, tena anang'aa. Ni grafaiti hiyo, inayokaa mwamba mmoja na tanzanaiti. Maji na sabuni vinaiondoa. Kinachobaki ni kile kisichoonekana: vumbi la silika, linalotimka pale mashine ya kuchoronga inapotoboa mwamba mkavu na pale baruti inapolipua. Punje zake ni ndogo kiasi cha kupita pua na koo hadi kwenye vifuko vya hewa mapafuni, na zikifika huko hazirudi. Mwili huzizingira kwa kujenga makovu, na makovu hayo ndiyo yanayomnyima mtu pumzi. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi.

Mererani iko Simanjiro, mkoani Manyara, lakini habari za vifua vya watu wake zinajulikana sana huku mlimani Kilimanjaro. Ukipita Boma Ng'ombe na kupandisha kuelekea Sanya Juu unafika Kibong'oto, hospitali iliyoanza mwaka 1926 kuhudumia wagonjwa wa kifua kikuu (TB). Madaktari wa hapo wamewachunguza wachimbaji wadogo wa tanzanaiti, na walichokuta ni silikosisi na TB zikiishi nyumba moja. Si ajabu. Silika huzilemaza seli zinazolinda mapafu, kwa hiyo mwenye vumbi kifuani hushikwa na TB kwa urahisi kuliko jirani yake, hata baada ya kuacha mgodi.

Hapo ndipo wengi hupotea njia. Kwenye eksirei, makovu ya vumbi yanaweza kufanana na TB. Mchimbaji anapewa dozi ya miezi sita, anamaliza, kikohozi kinarudi, anaanzishwa nyingine. Sisemi uache dozi. TB inatibika, dawa zake hutolewa bure, na ukiambiwa unayo, meza mpaka mwisho. Lakini kama makohozi hayajaonyesha vimelea na picha ya kifua bado ina madoa, muulize daktari waziwazi: je, haliwezi kuwa vumbi? Mwambie ulichimba miaka mingapi, ulikuwa mchorongaji au mbeba mawe, mlichoronga kwa maji au kwa ukavu. Akikuuliza kazi yako usijibu "mfanyabiashara". Jibu hilo linampeleka kwenye ugonjwa mwingine kabisa.

Silikosisi haina dawa ya kuiondoa. Mara nyingi hujitokeza baada ya miaka kumi au zaidi, ingawa vumbi likiwa jingi mno huja mapema. Kinachowezekana ni kuacha kuongeza vumbi, kuacha sigara, na kupima TB kila dalili zinapojitokeza. Kwa aliyeko kazini bado, kinga ni maji kwenye mashine na hewa inayozunguka shimoni. Kitambaa ulichofunga usoni kinazuia mavumbi makubwa tu, na hayo siyo yanayoua.

Sasa fidia. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ndiyo iliyouzaa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kukusanya michango mwaka 2015. Anayechangia ni mwajiri. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Magonjwa yatokanayo na kazi yamo pamoja na ajali: kuna matibabu, malipo ya ulemavu wa muda na wa kudumu, na pensheni kwa wategemezi mfanyakazi akifariki. Ukishaambiwa una ugonjwa wa kazini, toa taarifa mara moja. Usikae nao ukingoja nafuu, maana madai yana ukomo wa muda.

Kikwazo cha mwanaapolo kinajulikana: hana barua ya ajira. Anakula posho, anasubiri jiwe litoke apate mgao, na tajiri wa shimo akiulizwa atasema huyu ni mshirika wangu. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinamsaidia hapa. Mtu anachukuliwa kuwa mwajiriwa kama, kwa mfano, anaelekezwa namna ya kufanya kazi, anapewa vifaa na tajiri, au amemfanyia kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kukanusha ni mzigo wa tajiri. Hata hivyo, nisikudanganye: bila ushahidi kifungu kitupu hakilipi mtu.

Ushahidi huo ndio unaoamua hata kwingine: Afrika Kusini wachimbaji wa dhahabu wenye silikosisi waliziburuza kampuni mahakamani, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Johannesburg ikaidhinisha makubaliano yaliyozaa mfuko wa Tshiamiso. Mfuko huo haulipi kwa huruma. Unatazama rekodi ya kazi na hali ya mapafu.

Vumbi la asbestosi nalo hufuata mwenendo huohuo wa silika, ila madhara yake huchelewa zaidi: mesothelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu, inaweza kujitokeza miaka 20 hadi 40 baada ya mtu kuvuta nyuzi zake. Fundi anayeezua paa la zamani la asbestosi asilivunje wala kulikata kwa msumeno, alilowanishe kwanza, na mwenye nyumba aulize baraza la mazingira, NEMC, mabaki yatupwe wapi. Wote wawili wabaki na maandishi ya kazi hiyo.

Kwa hiyo tafuta daftari leo. Andika jina la mmiliki, kitalu, shimo, mwezi ulioanza na mwezi ulioacha, na majina ya wenzako wawili watakaokubali kushuhudia. Hifadhi kitambulisho cha kuingilia mgodini na ujumbe wa simu wa malipo yoyote. Na siku ukipanda Kibong'oto au hospitali ya KCMC, beba eksirei zako zote za zamani, hata ile iliyokunjamana chini ya godoro.