Tusiue Samaki kwa Kung'arisha Maji



Somo la leo linatoka bwawani. Kikundi kimoja cha akina mama ninachokitembelea kina bwawa la mita 300 za mraba, kipimo kile kile cha mabwawa mengi yaliyochimbwa Serikali ilipoanzisha mpango wa kuchochea uchumi mwaka 2009. Mvua ilipopiga, maji yakawa kama chai ya maziwa. Kijana wa mwenyekiti, kibarua kwenye machimbo ya kokoto, akaleta jerikeni ya "dawa ya kung'arisha maji". Mweka hazina akaniuliza, "Mwalimu, tumwage?" Nakiri nilikaribia kusema ndiyo, kwa maana maji safi yanapendeza macho. Tukakubaliana tungoje kwanza tuulize.

Dawa yenyewe inaitwa polima. Ni kama nyuzi ndefu mno, nyembamba zisizoonekana, zinazoyeyuka katika maji. Chembe za udongo zinazoelea zina chaji hasi, kila moja inasukuma jirani yake, ndiyo sababu tope halitulii hata ukingoja wiki nzima. Polima yenye chaji chanya huzinasa chembe hizo na kuzifunga mabonge, halafu mabonge yanazama. Kwenye mitambo ya maji ya mijini ni kazi nzuri, tena inapimwa na watu waliosomea.

Lakini angalieni mashavu ya samaki, yale matamvua mekundu anayopumulia. Nayo yamefunikwa na ute wenye chaji hasi. Polima haijui hili ni tope na hili ni shavu, inanata popote. Wala haina haja ya kuingia mwilini. Inamziba pumzi akiwa majini, na inavuruga chumvi za damu yake. Wale wadudu wadogo ambao vifaranga hula, nao hunaswa wasiweze kuogelea.

Sasa tupige hesabu pamoja. Katika majaribio ya maabara, kwa maji safi, polima nyingi za chaji chanya zimeua samaki kwa kiasi cha karibu miligramu 1 katika lita moja, na nyingine hata chini ya hapo. Bwawa la mita 300 za mraba lenye kina cha mita 1 lina lita 300,000. Kwa hiyo gramu 300 tu za dawa halisi zinafikisha kipimo hicho. Haifiki hata nusu kilo ya sukari! Na ngege wote wale mlionunulia chakula kwa mkopo wa kikundi.

Mtu atasema, bwawa letu lina tope, litainasa. Ni kweli, tope hupunguza sana ukali wake. Lakini nani kati yetu anajua tope letu linatosha kunasa kiasi gani? Ikizidi, inayobaki inatafuta mashavu. Tena ukiimwaga pembeni, samaki walio pale wanakutana nayo ikiwa kali kabla haijachanganyika.

Si polima zote zilizo hivyo. Zenye chaji hasi na zisizo na chaji zina sumu ndogo zaidi kwa samaki. Katika majaribio mengi hawakufa hata kipimo kilipopita miligramu 100 kwa lita. Kwa hiyo ulizeni chaji kwanza. Kwenye karatasi ya mtengenezaji, ile ya hatari huandikwa CATIONIC. Jerikeni isiyo na karatasi ihesabiwe kuwa sumu: isioshwe mtoni, wala isitekewe maji ya kunywa.

Wengine hupenda mbegu za mlonge, wakisema ni mti tu. Kwa ndoo ya nyumbani zinasaidia. Ila kinachosafisha ndani yake ni protini yenye chaji chanya vile vile, na majaribio yameonyesha kuwa maji ya mbegu hizo yakizidi huua ngege. Msimwage bwawani. Na zile pakiti za unga za kusafisha lita 10 za maji ya kunywa, tope linalobaki kitambaani litupwe chooni, si kijitoni.

Wale akina mama walirudisha jerikeni machimboni. Wakachimba mtaro juu ya bwawa kugeuza maji ya mvua, wakapanda nyasi kingoni, wakazuia ng'ombe. Maji yalichukua miezi miwili, na hata sasa hayang'ai, lakini ngege wanakula.

Kwenye mkutano wenu zungumzeni haya. Tope la bwawa letu linatoka shamba la nani, na nani atakwenda kuongea naye? Je, juu ya mto wetu kuna machimbo au kiwanda kinachotumia dawa hizi, na maji yake machafu yanaishia wapi? Kanuni za ubora wa maji zinataka mwenye kuyamwaga awe na leseni ya NEMA. Nani ataomba kuiona?