Windows Imegoma, Tasnifu Imo Ndani

SWALI: Laptop yangu inawaka, lakini Windows haifunguki. Fundi anataka kupiga Windows upya. Tasnifu yangu imo humo. Nifanyeje?

JIBU: Mzuie fundi kwanza, kupiga Windows upya kunaweza kufuta kila kitu. Windows ikigoma, mara nyingi mafaili bado ni mazima. Kwa kompyuta nyingine, tengeneza flashi ya kuwashia ya Ubuntu, mfumo endeshi mwingine wa bure. GB 8 zinatosha. Washa laptop kupitia flashi hiyo, chagua kujaribu bila kusakinisha, kisha nakili tasnifu kwenye diski ya nje. Ukiombwa ufunguo wa BitLocker (kufuli ya diski ya Windows) wenye tarakimu 48, utafute kwenye akaunti yako ya Microsoft. Ukisikia diski inagongagonga, zima mara moja umpelekee mtaalamu wa kuokoa data. Kuilazimisha huzidisha uharibifu.