Kadi Mbili Ndani ya Seva Moja

Wazazi wengi wanaolisoma gazeti hili wamekwisha kulipa fedha za Serikali kwa kontroli namba, na sisi wa Kidato cha Nne matokeo yetu yatatangazwa na Baraza la Mitihani kwa njia ya intaneti. Namba hizo na alama hizo hazikai hewani. Hukaa katika kompyuta zenye nguvu ziitwazo seva, ambazo hufanya kazi mchana na usiku bila kuzimwa. Leo nataka kueleza habari ya kitu kidogo sana kilichomo ndani ya baadhi ya seva za dunia, yaani kadi mbili za kumbukumbu, kila moja ukubwa wake kama stempu ya barua. Nimeichagua habari hii kwa sababu watu wengi hudhani kwamba mtu akiwa na vitu viwili vya namna moja amekwisha kujikinga na hasara. Kadi hizi zaonyesha kuwa sivyo sikuzote.

Kwanza tuelewe kazi ya kadi hizo. Zamani seva moja ilipewa kazi moja tu: hii ya barua, ile ya mishahara, nyingine ya orodha za majina. Nguvu nyingi zilipotea bure, maana mashine ilikaa saa nyingi ikingoja kazi. Siku hizi ndani ya seva moja huwekwa kompyuta nyingi zisizoshikika kwa mkono, na kila moja hufanya kazi kama kwamba iko peke yake. Programu inayozigawia nafasi na kuzizuia zisiingiliane huitwa haipavaiza. Mimi nitaiita msimamizi, kwa kuwa kazi yake ni kama ya mwalimu wa bweni: hugawa vitanda, hugawa zamu za maji, huamua ugomvi, wala yeye mwenyewe hahitaji chumba kikubwa. Msimamizi mmoja anayejulikana sana ni ESXi, programu ya kampuni ya VMware ya Marekani. Kwa miaka mingi aliweza kukaa katika nafasi ya gigabaiti 1 tu, na simu nyingi za mkononi zina nafasi kuliko hiyo.

Kwa kuwa msimamizi ni mdogo hivyo, watengenezaji wa seva kama Dell, HP na Cisco waliona si lazima kumpa diski kubwa. Wakamtengenezea tundu la kadi ndani ya mashine, diski zote zikabaki kwa kazi nyingine. Jambo hili lilipunguza gharama. Lakini kadi ni kitu dhaifu, na kila mwenye simu anajua hivyo. Tena msimamizi asipoamka, hakuna kompyuta hata moja iliyo chini yake itakayoamka. Seva ikiwa imebeba kompyuta ishirini, zote ishirini zimelala kwa sababu ya kadi moja ya bei ndogo. Ndipo wakaweka matundu mawili. Kila kinachoandikwa katika kadi ya kwanza huandikwa katika ya pili saa ileile, kama mtu na sura yake katika kioo. Moja ikifa, nyingine hushika kazi bila mtu yeyote kusumbuka.

Hapo ndipo pana hatari ya kwanza, tena ni hatari ya ajabu kidogo. Msimamizi anapoamka husomwa kutoka katika kadi na kuingizwa katika kumbukumbu ya kazi ya seva, na tangu hapo huishi humo. Kwa hiyo kadi moja yaweza kufa leo, na seva ikaendelea miezi mingi kama kwamba hakuna lililotokea. Hata zote mbili zaweza kufa, na kompyuta za ndani zikaendelea kwa muda. Msimamizi wa ESXi hujaribu kila saa kuyaandika katika kadi mabadiliko ya mipango yake. Akikosa pa kuyaandika, mabadiliko yale hukaa katika kumbukumbu ya kazi tu. Siku umeme unapokatika na jenereta haikuwaka, au fundi anapoizima seva kwa matengenezo ya kawaida, ndiyo siku ukweli unapojulikana. Kwa hiyo mwenye kadi mbili asiyetazama taa na taarifa za onyo huenda ana kadi moja tu, na hajui. Mimi naona afadhali mwenye kadi moja anayejua kuwa anayo moja.

Hatari ya pili ndiyo kubwa, na ili kuieleza yanipasa kusema jinsi kadi inavyochakaa. Ndani ya kadi hakuna kitu kinachozunguka. Mna vyumba vidogo mno, mamilioni kwa mamilioni, na kila chumba hutunza chaji ya umeme. Kuandika ni kuisukuma chaji iingie kupitia ukuta mwembamba sana. Kufuta ni kuitoa. Kila mara ukuta ule huumia kidogo. Vyumba vya aina ya ghali, ambavyo kila kimoja hutunza biti moja tu, huvumilia kuandikwa na kufutwa mara 100,000 hivi. Vile vya bei nafuu, ambavyo kila kimoja hubebeshwa biti kadhaa, huchoka baada ya mara elfu chache. Kusoma hakuumizi hivyo. Kinachochosha ni kuandika.

Maadamu msimamizi alisoma kadi wakati wa kuamka na kuandika kidogo tu baadaye, kadi ziliishi miaka. Mwezi wa Aprili 2020 VMware ikatoa toleo la 7 la ESXi. Toleo hili lilitaka kadi isiyopungua gigabaiti 8, na lilipanga upya sehemu za kadi ili msimamizi awe na ghala lake la kuandikia daftari za kazi na mambo mengine mara kwa mara. Kwa diski jambo hilo si zito. Kwa kadi ni kama kumtwika punda mzigo wa lori. Mwaka 2021, hasa baada ya marekebisho yaliyotolewa mwezi wa Machi, mafundi wa nchi nyingi waliona seva zao zikipoteza mawasiliano na kadi zake. Marekebisho mengine yalitolewa mwaka uleule, yakasaidia. Lakini VMware ilikwisha kusema kwamba kadi pekee si mahali pa kutegemea tena, ikawashauri watu waweke ghala lile katika diski imara.

Sasa msomaji atauliza: kadi zilikuwa mbili, ya pili ilikuwa wapi? Ilikuwa pale pale, ikichakaa sawasawa na mwenzake. Zimetoka kiwanda kimoja, zimewekwa siku moja, na kila neno lililoandikwa katika moja limeandikwa katika nyingine. Kioo hukinga ajali ya kadi moja. Hakikingi ugonjwa unaozila zote mbili kwa kipimo kimoja. Tena kioo hakichagui: fundi akifuta faili kwa bahati mbaya katika kadi ya kwanza, limefutwa katika ya pili kabla hajaondoa kidole.

Wazee wetu wa Gehandu, na wa Mbulu na Hanang yote, wanalijua jambo hili bila kompyuta. Mzee mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote katika boma moja. Huwapeleka wengine kwa ndugu au rafiki wa mbali, nao wapewa hunywa maziwa na kupata samadi. Ugonjwa ukiingia boma hili, au mvua ikikosekana upande huu, wale wa upande wa pili wamebaki. Angalieni kwamba kinachomwokoa si hesabu ya ng'ombe. Ng'ombe mia katika boma moja ni kama kadi mbili katika seva moja.

Pia nchi nzima yaweza kushikwa na jambo hili. Unguja ilitegemea waya mmoja wa umeme chini ya bahari kutoka Bara. Waya huo ulipoharibika Desemba 2009, kisiwa kilikaa miezi mitatu hivi bila umeme wa gridi, hata Machi 2010. Waya wa pili ulianza kazi mwaka 2013. Huko kosa lilikuwa kuwa na kimoja. Lakini Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 ilikuwa habari nyingine. Tanzania ilikuwa na nyaya za intaneti zaidi ya mmoja baharini, miongoni mwake Seacom tangu 2009 na EASSy tangu 2010. Siku ile zote mbili zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya nchi yetu ikadhoofika vibaya. Nyaya zilikuwa mbili, lakini zilipita bahari moja.

Nasi hapa karibu tumeona zaidi. Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliingia Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakafa. Sitaki kulinganisha kifo cha watu na kufa kwa kadi. Nasema tu kwamba nyumba zilizobebwa zilikuwa na vyeti ndani yake, na daftari za maduka, na kompyuta. Ofisi nyingi huweka nakala ya kazi zao katika flashi, kisha flashi huwekwa katika droo ya meza ileile yenye kompyuta. Tope likiingia chumba kile haliachi droo.

Watengenezaji wa seva siku hizi wanaweka vidiski viwili imara mahali pa kadi, navyo pia huandikwa kama kioo. Lakini seva za zamani zenye kadi zipo bado, na ikiwa mmoja wetu atakuwa fundi, huenda akaikuta moja. Kadi moja ikifa na nyingine mpya ikitiwa, lazima ile nzima inakiliwe katika ile mpya. Asiharakishe hapo: aijue kwa hakika ipi ni nzima na ipi ni tupu, maana mashine ikielekezwa vibaya itanakili utupu juu ya kadi nzuri. Na kabla ya kugusa tundu lolote atoe kwanza nakala ya mipango ya msimamizi. Ni faili dogo, lapelekwa kwa intaneti kwa muda mfupi hata kwa mtandao wetu wa huku, na msimamizi mpya akiwekwa katika kadi mpya hurudishiwa mipango yake kutoka humo. Faili hilo likae katika jengo jingine. Kama inawezekana, katika mji mwingine.