Dola 400 Zinapokuwa 140: Kusoma Ripoti ya Duka la Fonti



Ndugu zangu, baadhi yetu tunachora fonti, yaani aina za herufi, za Kilatini na za Kiarabu, na kuziuza katika maduka ya mtandaoni. Wa kukufundisha kuchora utampata. Wa kukufundisha kusoma ripoti ya mauzo ni adimu, na ndani ya ripoti hiyo ndimo washirika wawili wanapoanza kutiliana shaka. Mimi ndiye mtunza hesabu wa fonti tuliyoichora wawili, basi nitaeleza ninavyoisoma.

Duka hutoa ripoti tatu: ya mauzo, ya makato na ya malipo. Ya mauzo ndiyo inayofurahisha, maana kila mteja akinunua barua pepe inaingia. Ndiyo pia isiyofaa kabisa kugawia fedha.

Tuchukue mfano. Fonti inauzwa dola 40, na mwezi huu wamenunua watu 10. Macho yanaona dola 400. Lakini wanne walinunua wakati wa punguzo kwa dola 30, kwa hiyo zilizoingia ni 360. Mmoja aliyelipa bei kamili akarudisha, zikabaki 320. Duka nalo lina kamisheni yake. Yapo maduka yanayochukua nusu, na tukikadiria nusu, kwetu zinabaki 160.

Kisha inakuja kodi, nayo ndiyo huwachanganya wengi. Marekani hukata asilimia 30 ya malipo ya leseni yanayotoka kwake kwenda kwa mtu wa nje, isipokuwa nchi ya mtu huyo iwe na mkataba wa kodi unaopunguza kiwango hicho. Uganda haina mkataba huo na Marekani, wala Kenya, Tanzania, Rwanda na Burundi. Fomu ya W-8BEN tunayojazishwa inathibitisha kwamba sisi si watu wa Marekani. Haituondolei hiyo 30. Hata hivyo, kodi hii inahusu leseni zinazotumika Marekani, si mauzo yote. Angalia safu ya nchi ya mteja. Kama wateja watatu wa bei kamili wako Marekani, fungu letu kwao ni dola 60, na kodi yake ni 18. Ukikuta duka limekata kwa mteja wa Ujerumani pia, liandikie uulize sababu.

Zinabaki 142. Ada ya kutuma fedha, tuseme dola 2, inatufikisha 140, yaani 70 kwa kila mmoja. Hapo bado hatujabadilisha kuwa shilingi, na benki haibadilishi bure.

VAT ya Ulaya ni jambo jingine. Tangu 2015 mnunuzi wa huko hulipa kodi ya nchi yake juu ya bidhaa za kidijitali, mathalani asilimia 20 kwa Mfaransa. Ripoti nyingine huionyesha ndani ya bei. Si fedha yetu iliyokatwa. Haikuwa yetu tangu mwanzo.

Mwenzangu aliwahi kuniuliza, kwa upole lakini uso haukuwa wa kawaida, mbona barua pepe zinasema mengi na simu yake inapokea machache. Nilifungua ripoti zote tatu, tukafuata namba ya kila muamala mstari kwa mstari. Mauzo mawili hayakuwamo katika malipo: yalikuwa yanasubiri muda wa mteja kurudisha uishe, yakaja mwezi uliofuata. Tangu hapo faili zote anazo naye. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi, na fungu la mshirika lililo mikononi mwangu ni deni.

Kabla ya kuchora herufi ya kwanza, andikeni kinachogawanywa: ni kilichofika baada ya makato, au vinginevyo? Na hapa kuna suala la fiqhi. Ushirika wa kazi tupu, usio na mtaji, wanaukubali Abu Hanifa, Malik na Ahmad. Imam Shafi'i haukubali, na wengi wetu ni Mashafi'i. Muulizeni sheikh wenu mapema, pamoja na njia ya kumlipa mmoja ujira au ya kuimiliki fonti kwa pamoja.

Zaka nayo haihesabiwi kwa zile 400. Kila mmoja anatazama akiba yake mwenyewe: ikifikia thamani ya gramu 85 za dhahabu na kupitiwa na mwaka wa Hijria, hutoa asilimia 2.5. Fedha zinazosubiri dukani mimi huziandika katika safu ya peke yake, na tarehe ya Hijria ubavuni, ili nikimwendea sheikh nimwonyeshe zimekaa huko tangu lini.