SOMO LA KIINGEREZA: KITENZI "DEFER"

Mwezi huu tunajifunza kitenzi kimoja tu, "defer". Hutamkwa "difaa", mkazo ukiwa mwishoni. Tumekichagua kwa sababu kimo katika barua tunazopokea kuhusu kesi zetu, na wengine wakikiona hudhani wamekataliwa.

Maana yake ya kwanza ni kuahirisha. Ukisoma "Your case has been deferred", kesi yako imeahirishwa. Haijakataliwa, kukataa ni "deny" au "reject". Kwa hiyo tafuteni kwanza ni neno lipi limeandikwa. Kisha tazameni kama barua inataja tarehe, au kitu kinachosubiriwa, kama vile vipimo vya afya. Kama haitaji, nendeni ofisini mkaulize. Na akitokea mtu anayedai fedha ili aisukume kesi, msimpe, kwani huduma za UNHCR ni bure.

Kitenzi hiki kilitoka katika Kilatini, "differre", yaani kubeba vitu na kuvipeleka huku na huko, kikapitia Kifaransa. Ndani yake mna "ferre", kubeba. Sisi tuliovuka mpaka na mizigo kichwani tunaielewa picha hiyo: mzigo umesogezwa mbali, lakini bado upo.

Waliosoma Kifaransa wanajua kwamba "différer" hufanya kazi mbili, kuahirisha na kutofautiana. Kiingereza kimezigawa: "defer" ni kuahirisha, "differ" ni kutofautiana. Hapa tuwe macho! "Deferred" ina f moja na r mbili. "Differed" ina f mbili na r moja. Barua ikisema "Your statements differed", maana yake maelezo yenu hayakulingana, na hilo si suala la kungoja tu. Ulizeni mapema ni maelezo yapi.

Kuna pia "defer to", kumwachia mwingine uamuzi kwa heshima, kama mdogo anavyomwachia mkubwa wake neno la mwisho. Hii ina asili nyingine ya Kilatini, "deferre".

Wenye Biblia ya Kiingereza ya King James, ya mwaka 1611, fungueni Mithali 13:12. Mtakikuta kitenzi chetu hapo, kikizungumzia tumaini linalocheleweshwa.

Zoezi: Andikeni sentensi mbili, moja yenye "deferred" na nyingine yenye "differed". Mzilete Jumapili, tuzisahihishe pamoja baada ya ibada.